Chai ya bibi yako

Mwanangu,

Umeniuliza swali la mstari mmoja: "Baba, chai na kahawa zinaingia kwenye zile glasi nane za maji kwa siku, au yanahesabika maji matupu tu?" Zinaingia. Ningeweza kuishia hapo, lakini unanijua, na swali hili lilishawahi kunitia aibu kabla hujaliuliza.

Kwanza hizo glasi nane. Mwaka 1945 Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani iliandika kwamba lita 2.5 za maji kwa siku zinamtosha mtu mzima, kisha ikaongeza kuwa sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari ndani ya chakula. Watu wakabeba maneno ya mwanzo, ya mwisho wakayaacha njiani. Mwaka 2004 wataalamu wa huko huko wakataja lita 2.7 kwa wanawake na 3.7 kwa wanaume, na humo wamehesabu kila kitu: maziwa, supu, chai, hata tikiti maji. Karibu sehemu moja kwa tano hutoka kwenye chakula. Ulaya nao mwaka 2010 wakasema lita 2 na 2.5. Hii si hesabu ya benki, mwanangu.

Mimi ninaamini jambo moja tu, na najua umelisikia hadi limekuchosha: maji ni yale yaliyopita kooni. Yaliyo kwenye jagi ni pambo.

Sikuanza hivyo. Unalikumbuka lile jagi la bluu kando ya kitanda cha bibi yako, mwaka ule alipokuja kukaa nasi? Nililinunua mimi. Bibi alikuwa mtu wa chai, kikombe baada ya kikombe tangu asubuhi hadi giza linaingia, nami nilikuwa nimesikia mahali kwamba chai hukausha mwili. Nikatoa amri: chai kikombe kimoja, kilichobaki maji. Shangazi yako akaniambia, "Kaka, mwache mama anywe chai yake." Nikamjibu kwamba chai si maji. Nilisema mbele ya wote, tena kwa ile sauti yangu unayoijua.

Bibi hakubisha. Kila jioni nililikuta jagi limepungua, nikafurahi. Kumbe alikuwa akilinyweshea lile ua la dirishani. Lilistawi ua lile, sijapata kuona! Yeye mwenyewe hakuyapenda maji matupu, na kiu haikumhimiza, maana kiu nayo huzeeka na mwenyewe. Wiki ya tatu akaanza kuniita kwa jina la marehemu babu yako. Tukasema ni uzee. Daktari alitazama ulimi, akauliza rangi ya mkojo, akamwekea dripu. Kesho yake bibi akaniita kwa jina langu, na akaomba chai.

Nimejitetea miaka yote. Joto lilikuwa kali. Alikuwa akimeza dawa ya presha inayomkojoza. Ni kweli yote mawili. Lakini ni kweli pia kwamba kafeini huongeza mkojo kidogo tu, hasa kwa asiyeizoea, na kikombe cha chai hakitoki na maji mengi kuliko yale kiliyoingia nayo. Kwa hiyo nilimnyang'anya bibi yako karibu maji yake yote ya siku, halafu nikamwekea pambo kando ya kitanda. Je, ndiyo yaliyomlaza? Vidole vinaniwasha kuandika ndiyo. Daktari hakusema, wala mimi sikumwambia habari ya chai. Swali hilo naliacha wazi, ingawa sipendi.

Nawe usije ukakimbilia upande wa pili. Ile chupa yako ya lita mbili yenye alama za saa inanitia wasiwasi kuliko kahawa yako, hasa siku zile unazokimbia mbio ndefu. Figo za mtu mzima hutoa kama lita moja ya maji kwa saa, haziendi mbali zaidi ya hapo. Ukiyazidisha, chumvi ya damu inashuka, na hilo limeshaua watu. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002 walipimwa damu wakimbiaji waliofika mwisho, na asilimia 13 chumvi yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango. Wewe ni kijana, kiu yako bado ina masikio. Isikilize. Mkojo ukiwa wa njano hafifu, mambo ni sawa. Ukiwa wa rangi ya chai kavu, kunywa. Na ukitaka kinywaji kinachokaa mwilini, maziwa hukaa kuliko maji, kwa sababu ya chumvi, mafuta na protini zake. Hilo nalo ningelipinga zamani, tena kwa sauti.

Shangazi yako hajawahi kunikumbusha siku ile. Hata mara moja. Ningependa anikumbushe, tugombane, yaishe. Jumamosi anakuja kushinda hapa. Atakunywa vikombe vinne au vitano, kama mama yake, na safari hii nitakayemimina ni mimi.

Baba yako