Dada, nifanye pili ya uso kwa ajili ya chunusi?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nina miaka 24 nipo Mbagala, chunusi zinanisumbua toka niko sekondari na sasa mashavu yamejaa madoa meusi mpaka naona noma kupiga picha. Saluni ninaposukia wananambia nifanye pili (peel), yaani napakwa dawa ngozi ya juu ibanduke, elfu 40 tu, nabanduka siku tatu natoka na uso mpya. Kachupa kenyewe kana mafuta ya njano, hakana maandishi ya maana. Nifanye? Na hii si ndo mkorogo wenyewe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, bora umeuliza kabla hujapakwa. Hako kachupa kasiguse uso wako kabisa. Pili ya kweli ipo na chunusi inasaidia, ila lazima ijulikane ni asidi gani na asilimia ngapi, hako kako hakasemi chochote.

Daktari wa ngozi kwa chunusi mara nyingi anatumia asidi ya salisiliki ya asilimia 20 mpaka 30, hii inaelewana na mafuta kwahiyo inazama kwenye vitundu vilivyoziba, ikikauka unaona kaunga keupe usoni, inachonyota dakika chache basi. Kuna na ya glaikoliki, hiyo lazima izimwe nguvu kwa wakati, ukipitiliza inaunguza. Hizo zinagusa ngozi ya juu tu na unarudia kila wiki mbili mpaka nne, mara kadhaa, unapukutika kidogo. Sasa mtu anayekuahidi ubanduke uso mzima kwa siku tatu huyo anakuunguza, na ngozi yetu nyeusi ikiungua inajibu kwa kutoa weusi zaidi. Nilikaa na binti aliyepakwa hivyohivyo, pale mafuta yalipochuruzika pameacha mstari mweusi kutoka kwenye taya mpaka shingoni, miezi imepita bado anauficha na mtandio. Iliniuma sana.

Na sio huku tu, mwezi wa 7 mwaka 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya watu wasinunue pili kali wakajipaka bila mtaalamu, maana zinaweza kukuunguza vibaya mpaka ukimbizwe hospitali.

Mkorogo ni kitu kingine, ule ni wa kung'arisha, mara nyingi una haidrokwinoni, zebaki au stiroidi, na stiroidi zenyewe zinaleta chunusi! Kama unaupaka sasa hivi mwambie daktari bila kuficha.

Halafu madoa hayaishi wakati chunusi mpya zinatoka kila wiki, kwahiyo anza na chunusi. Muulize daktari au mfamasia kuhusu benzoili peroksaidi au adapalini, dawa za kupaka za chunusi, uvumilie wiki 8 mpaka 12, wengi wanaacha wiki ya pili eti haifanyi kazi. Sanskrini, losheni ya kukinga jua, ya SPF 30 kwenda juu kila asubuhi, usiache hata kama ni mweusi tii, jua ndo linakoleza hayo madoa. Pili inakuja baadaye kama nyongeza, na kabla ya kupakwa sema kama una mimba, aspirini inakudhuru, unameza vidonge vya chunusi vya isotretinoini, unatokwa na vidonda vya mdomo au makovu yako huwa yanavimba.

Ukiwa Dar omba rufaa ya kliniki ya ngozi, Muhimbili ipo. Na siku ukipakwa kitu chochote usoni kikaanza kuunguza, maji mengi ya baridi hapohapo, usikubali kuambiwa vumilia ndo inafanya kazi.