Gesi ni ya kuwashia kuni, si ya kuotea

Baridi ya Juni na Julai hapa Njombe haina mchezo, na nyumba nyingi za zamani zina meko ya kuotea moto ukutani. Kwetu tumefunga bomba la chuma lenye matundu chini ya chanja ya kuni, gesi inatoka kwenye mtungi. Sina hamu tena na mafuta ya taa. Yale yananukisha nyumba hadi asubuhi.

Kuwasha ndiko kwenye mambo. Fungua dohani, yaani njia ya moshi, yote kwanza. Washa njiti ndefu, isogeze kwenye matundu, ndipo ufungue koki taratibu. Ukianza na koki halafu ukatafute kiberiti, umeyataka mwenyewe: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo haipandi dohani, inatuama mekoni na kutambaa sakafuni. Ukisikia harufu, funga koki, fungua milango, usiguse hata swichi ya taa.

Mabomba haya kwa kawaida hayana kifaa cha kukata gesi moto ukizimika. Upepo ukishuka dohanini ukauzima, gesi inaendelea kutoka. Kwa hiyo usiondoke. Mimi hukaa kwenye kigoda, koki mkononi, mpaka nisikie kuni zinatatarika, nafunga. Dakika kumi ni nyingi. Zikipita na kuni bado zinatoa povu kwenye ncha, usiilaumu gesi, kuni ni mbichi. Miwati, miti ya kuni ya huku kwetu, iliyopasuliwa ikakaa chini ya paa kiangazi kizima inashika upesi; mbichi utaikausha kwa hela ya mtungi.

Kwa fundi, sisitiza haya: mpira wa jiko usiingie mekoni kabisa, koki iwe mahali unapoifikia bila kuinamia moto, mtungi ukae nje penye hewa. Na kale kajiko ka mtungi wa kilo 6 usikasukume chini ya magogo, hata kwa dakika moja! Mtungi ukipata joto kali unaweza kupasuka. Ukiagiza bomba Marekani, uliza limetengenezewa gesi gani, maana mengi ya huko ni ya gesi asilia na tundu lake la kupitishia gesi halifai kwa mtungi.

Sehemu ya bomba isipotoa mwali, majivu yameziba. Zibua kwa waya meko yakiwa yamepoa. Na kabla baridi haijaanza, paka maungio yote povu la sabuni. Viputo vikitokea, funga mtungi, mwite fundi.