Kompyuta iliyotumika inayogoma kufungua programu

Ndugu, umeeleza kwamba kompyuta uliyoinunua ikiwa imeshatumika huwaka bila shida, ila programu hukawia kufunguka au hujifunga zenyewe, na kila ukichomoa waya wa umeme tarehe hurudi nyuma. Hilo la tarehe ndilo jepesi kuliko yote: betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mama (bodi kuu ndani ya kompyuta), ambayo mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, imekwisha, na saa ikikosea tovuti nyingi salama hukataa kufunguka.

Kuhusu programu kukawia, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager, dirisha linaloonyesha kompyuta inavyofanya kazi, kisha utazame safu ya diski wakati programu inafunguka. Ikiwa diski imeng'ang'ania asilimia 100 ilhali prosesa (CPU) imetulia, basi mara nyingi ama RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni ndogo au diski yenyewe imechoka. Kwa maoni yangu, kuweka SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, kunasaidia kuliko zile programu zinazodai kuharakisha kompyuta, ambazo nyingi huiongezea mzigo tu. Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32, kwa maana programu za biti 64 hazitafunguka humo kamwe.

Nakili mafaili yako kwanza, kisha usakinishe mfumo upya, kwani hujui mmiliki wa awali aliacha nini ndani. Ukisikia diski inagonga, izime kompyuta na umwachie fundi. Kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kompyuta (power supply) usikifungue, hata waya ukiwa umechomolewa.