Kuzamia na mkondo Kinasi: maswali yenu

Shikamoo mwalimu. Nasikia huko Mafia watu wanazamia penye mkondo makusudi. Si kujitafutia balaa? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Balaa ni kushindana nao. Maji ya bahari kuu huingia Ghuba ya Chole kupitia mlango wa Kinasi, na kwa kuwa mlango ni mwembamba, hukaza mwendo. Tunashuka upande wa nje maji yakijaa, yanatubeba hadi ndani. Mapezi hupigi, unajilaza tu, mwamba unapita chini yako na chewa wakubwa wamekaa mapangoni wakisubiri chakula kiletwe na maji. Chombo hakitii nanga, kinafuata mapovu yetu. Maji yakitoka ni habari nyingine: yanakupeleka bahari kuu, tena yamechafuka. Hapo sishuki, unilipe unavyotaka.

Mnajuaje saa ya kushuka? (Msomaji, Tanga)

Mtu wa Tanga unaniuliza mimi! Ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na maji yakijaa na kupwa sana, maji kwetu hupwa karibu saa nne na kujaa karibu saa kumi, kisha kila siku saa inasogea kwa dakika kama 50. Nguvu kubwa iko katikati, saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa. Mgeni nampeleka siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, au kujaa kukielekea ukingoni.

Ukishafika chini, tazama visamaki vidogo juu ya matumbawe. Vyote huelekeza vichwa mkondo unakotoka. Vikishuka na kujibana kwenye matawi, maji yamekaza. Vikianza kutazama huku na huku, mkondo umelegea na huenda unageuka.

Mwenzangu akinipotea chini? (Msomaji, Mombasa)

Ilinipata mimi. Nilikawia kumtazama kasa aina ya ng'amba akimega sifongo la mwambani, kichwa kinatikisika kama mbwa na mfupa. Nusu dakika hivi. Nilipoinua macho, wenzangu hawapo, mkondo haukunisubiri. Nikafanya kosa la pili: nikapiga mapezi kuwakimbilia, nikahema kama nimepanda mlima, hewa ikaenda.

Inavyotakiwa ni hivi. Tafuta kwa dakika moja, usizidishe. Usipomwona, panda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, pumzika dakika 3 kwenye mita 5, na hapohapo rusha boya lako la rangi ya chungwa ili nahodha akuone kabla hujatokeza. Naye atafanya vivyo hivyo, mtakutana juu. Kama mawimbi ya kusi yamesimama, kichwa cha mtu hakionekani hata mita 100, kwa hiyo asiye na boya na filimbi abaki chomboni atulindie chai.

Mtungi wa hewa si utaisha haraka? (Msomaji, Dodoma)

Kinyume chake, ukitulia. Kina ndicho kinachokula hewa: kwenye mita 20 kila pumzi inachukua mara tatu ya ile ya juu ya maji.

Naruhusiwa kushika matumbawe nisimame? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Kinasi iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, na matumbawe ya huku yaliumia vibaya bahari ilipopata joto mwaka 1998. Ukitaka kusimama, jifiche nyuma ya jabali. Mkondo hupungua hapo. Ikibidi kabisa, kidole kimoja kwenye mwamba mfu.

Mimi mvuvi, napiga mbizi kwa pumzi yangu tangu utoto. Cheti cha kuzamia na mtungi nakitakia nini? (Msomaji, Kilwa)

Kaka, maji unayajua kuliko wengi ninaowafundisha. Ila wewe unashuka na hewa uliyovuta juu, ukirudi inarudi vilevile. Hewa ya mtungi iliyovutwa kwenye mita 10 hutanuka mara mbili ukifika juu. Ukibana pumzi unapopanda, mapafu yanachanika. Na wewe kubana pumzi kumekukaa damuni. Hilo ndilo tutakalohangaika nalo siku za mwanzo, kwenye maji ya kiunoni, kabla hujaiona Kinasi.