Kabla Hujafungua Kopo la Rangi ya Viti

Wadogo zetu mlioingia gereji juzi, viti vya vinaili (ngozi bandia) vya Hiace vinatoka vinang'aa Jumatatu, Ijumaa vinarudi vimebanduka mgongoni. Tuseme tena.

1. Kagua kilicho chini ya rangi. Viti vya daladala vimepakwa polishi ya dashibodi miaka nenda rudi. Polishi hiyo ina silikoni, na sabuni peke yake haiitoi. Ukipuliza juu yake, rangi inakimbia na kuacha vitundu vya mviringo, halafu kijana anaongeza koti zito ili avifunike. Havifuniki, na koti nene linapasuka abiria akikaa. Sugua kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji na brashi laini, hasa kwenye mishono. Suuza, kausha. Kisha chukua vitambaa viwili: chenye spiriti kinapita, kikavu kinafuata papo hapo, maana spiriti ikipaa yenyewe inaiacha silikoni palepale, imesambaa tu. Geuza kitambaa kila kinapochafuka. Rudia hadi kitambaa cheupe kibaki cheupe. Bandika tepu ya karatasi, ivute. Isiposhika vizuri, rudi kwenye spiriti. Gari linalobeba dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, viti vyake vioshwe mara mbili, mafuta ya samaki yanajificha kwenye uzi. Na jamani, tina (kiyeyusho) ya rangi ya bodi msiiguse! Inatoa kilainishi kilichomo ndani ya vinaili, kiti kinakakamaa na kupasuka.

2. Ufa: kitambaa kwa chini, kijazio kinachonyumbuka juu, msasa namba 400. Puti ya bodi haikunjiki.

3. Tikisa kopo dakika mbili, pulizia kutoka sentimita 25, makoti matatu au manne mepesi, ukisubiri dakika 10 hadi 15 kila mara. Koti la kwanza likiacha rangi ya zamani ikionekana, ni sawa kabisa. Asubuhi za masika, hewa ya ziwani ikiwa nzito, subirini jua lipande. Kimiminika cha rangi kikipaa kwa kasi hupoza uso wa kiti, unyevu unatua juu ya rangi mbichi, nayo inapauka kama imemwagiwa unga. Wengi hulaumu kopo bure. Milango yote iwe wazi, na barakoa ya kuzuia mvuke wa rangi usoni.

4. Kiti kisikaliwe kwa saa 24. Mwenye gari atasema abiria wanamsubiri stendi ya Nyegezi. Mwambieni arudi kesho, na polishi yenye silikoni asipake tena.