Ukipata nafasi kwa familia ndogo ya mvinyo, anza na mpira wa maji

Vijana waliosomea kilimo au teknolojia ya chakula huniuliza namna ya kupata kazi ya msimu wa mavuno California. Karibu wote wanataja viwanda vikubwa vya mvinyo vya bonde la Napa. Jibu langu halijabadilika: tafuta familia ndogo. Mimi nilifanya misimu miwili kaunti ya Sonoma, kwa mzee mmoja aliyehamia Marekani kutoka Dalmatia, pwani ya Kroatia. Kazini walikuwa yeye, mkewe, binti yao na sisi vibarua wawili. Kwenye kiwanda kikubwa ungepewa kazi moja, pengine kupima joto la matangi, ukaifanya mpaka msimu uishe. Kwa familia, alfajiri uko shambani, mchana uko kwenye mashine ya kukamulia, jioni unabandika lebo, na usiku unakula mezani kwao.

Tulimwita Barba. Kwao ndivyo kijana anavyomwita mwanamume mzee, kama sisi tunavyomwita mtu mjomba hata kama hana undugu na mama zetu. Yeye aliniita sinko, yaani mwanangu.

Siku ya kwanza nilifika na daftari jipya, nikijua nitafundishwa kuonja. Nikapewa brashi, ndoo na mpira wa maji. Niliosha makreti, mapipa, pampu, sakafu, kisha makreti tena. Siku tisa hivyo. Nilianza kununa, na nadhani Barba aliliona hilo, ila hakusema kitu.

Siku ya kumi na moja tulihamisha mvinyo mwekundu kutoka tangi moja kwenda jingine hadi karibu usiku wa manane. Nilisuuza mpira wa kupitishia mvinyo harakaharaka, nikauzungusha na kuuacha sakafuni badala ya kuutundika ujichuje. Baada ya siku mbili Barba aliniita. Aliinua ncha ya ule mpira akaniletea puani. Siki. Siki kabisa, ya kuwashia macho, na vinzi vya matunda vikitoka ndani. Hakunifokea. Alichukua kisu, akaukata mpira vipande vinne mbele yangu, akavitupa. Kisha akanionyesha kwa kidole tangi ambalo tungelihamisha asubuhi ile kwa mpira huohuo: lita 3,000, kazi ya mwaka mzima ya familia. Bakteria wa siki wanahitaji masalia kidogo na hewa tu, na mimi niliwapa vyote viwili.

Tangu siku hiyo sikununa tena kuosha. Nawe usinune. Muulize anayekuelekeza: maji ya moto au baridi? Dawa gani, na inasuuzwa mara ngapi? Mpira unaning'inizwa upande gani? Andika majibu. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya utengenezaji wa mvinyo, na hakuna atakayekufundisha kama anaona unaidharau.

Jambo la pili, na hapa nakusihi kama ndugu yako: iogope hewa ya ukaa. Zabibu zikichachuka hutoa hewa hiyo kwa wingi. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutulia ndani ya tangi na sehemu za chini. Usiingize kichwa tangini kuchungulia. Usiingie kuchota maganda kabla feni haijapuliza vya kutosha, kipimo cha hewa hakijasomwa, na mtu hajasimama nje akikutazama. Wapo waliokufa kwa namna hiyo, na wengine waliingia kumwokoa mwenzao wakafia humohumo. Barba alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Shambani jifunze kuonja tunda kabla ya kuonja mvinyo. Zabibu yao kuu ilikuwa Zinfandel, na hiyo ina ukaidi wake: katika kishada kimoja utakuta punje mbichi za kijani, zilizoiva vizuri, na zilizokwisha kukunjamana kama zabibu kavu. Ukipima sukari ya punje mbili tatu umejidanganya. Tulichuma punje mojamoja kutoka safu nyingi, pande zote za mti, tukazipondaponda kwenye mfuko, ndipo tukapima. Hata hivyo, siku moja au mbili baada ya kukamua kipimo hupanda, kwa sababu zile punje kavu hulowa taratibu na kuachia sukari yake. Asiyejua hilo huvuna kwa kuchelewa.

Zinfandel ilimgusa Barba kwa sababu nyingine. Kwa miaka mingi Wakalifornia waliihesabu kuwa yao. Mwaka 2001 vipimo vya vinasaba vya watafiti wa vyuo vikuu vya Davis, California, na Zagreb, Kroatia, vilionyesha kuwa ni ileile zabibu ya Crljenak Kaštelanski ya pwani ya Dalmatia. Alikuwa akinisimulia huku ameshika jani lake, kama mtu aliyekutana na shangazi yake ugenini.

Alinisimulia pia habari za Miljenko Grgić, anayejulikana Marekani kwa jina la Mike Grgich. Alizaliwa kijiji cha Desne, Dalmatia, mwaka 1923, akaondoka Yugoslavia, nchi ya zamani iliyojumuisha Kroatia, mwaka 1954, akafika Napa mwaka 1958. Mwaka 1976 Chardonnay, mvinyo mweupe alioutengeneza akiwa kiwanda cha Chateau Montelena huko Napa, iliishinda mvinyo mweupe ya Ufaransa katika shindano la kuonja lililofanyika Paris. Kiwanda chake mwenyewe, kwa ubia na Austin Hills, alikianzisha mwaka 1977. Hebu hesabu: miaka 19 katika stoo za watu wengine. Ninaposikia kijana amefanya msimu mmoja na anataka mkopo wa kuanzisha chake, namwambia ahesabu miaka hiyo.

Kuhusu fedha, kaa na anayetunza hesabu. Kwetu alikuwa binti. Pipa la lita 225 hutoa chupa 300 hivi, na likiwa jipya la mwaloni wa Ufaransa bei yake inapita dola 1,000. Mvinyo mwekundu hukaa humo mwaka mmoja na nusu au zaidi, ukipungua kwa mvuke na ukiongezwa kila baada ya wiki chache. Maana yake unalipia mavuno mengine kabla hujauza chupa ya yale ya kwanza. Wao waliponea kwenye mvinyo wa rangi ya waridi (rosé), ambao huuzwa ndani ya miezi michache, na wateja wa kudumu waliokuja kuuchukua mlangoni.

Kama imani yako haikuruhusu hata kuonja, sema mapema. Kazi za shamba na vipimo zipo, na familia yenye heshima itakuelewa.

Andika barua kuanzia Februari, kwa sababu viza ya mafunzo ya J-1 inataka mdhamini na muda. Barua iwe fupi, useme unachoweza kufanya kwa mikono. Ukikubaliwa, nunua buti za mpira zinazokutosha ukiwa na soksi nene. Sakafu yao hulowa kuanzia asubuhi hadi taa zinapozimwa.