Kanuni ya kulinda kasa na mikoko: namna ya kuiandika isije ikaangushwa

Ukikaa na wenzako wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, kupendekeza kanuni ya kulinda kasa, kamba wa Ghuba ya Ungwana au mikoko ya Lamu, usianzie forodhani. Anzia majini. Kanuni inayosema trola, meli inayovua kwa kukokota wavu, ivue wapi, saa ngapi na kwa wavu gani ni jambo la ndani, na sheria za biashara ya dunia haziigusi sana. Isipotosha, nenda sokoni: kataza mali ya namna fulani isiuzwe, iwe ya kwetu au ya kigeni. Kufunga mpaka kuwe hatua ya mwisho, kwa sababu Kifungu cha XI cha GATT, mkataba wa dunia wa biashara ya bidhaa, kwa kawaida hakikubali bidhaa izuiwe kuingia au kutoka kwa njia isiyo ya ushuru.

Mlango wa kutokea upo kwenye Kifungu cha XX cha mkataba huohuo. Aya ya (g) inaruhusu hatua za kuhifadhi maliasili inayoweza kwisha, ila kuna sharti ambalo watetezi wa mazingira hulisahau: hatua hizo ziende pamoja na vizuizi kwa uzalishaji au matumizi ya ndani. Chukua boriti. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza nje boriti za mikoko, shehena iliyokuwa ikipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Marufuku kama hiyo ikitungwa leo, mlalamishi atauliza kwanza: na ninyi wenyewe mnakata kiasi gani? Basi pendekezo lenu litaje kiwango cha ukataji kwa kila eneo, leseni, na madaraja ya unene wa miti yanayoruhusiwa, kuanzia fito na pau hadi mazio na boriti. Bila hayo mtaambiwa mnawatafutia mafundi wa nyumbani mali ya bei rahisi. China ilijibu hoja za aina hiyo katika kesi ya madini adimu, na mwaka 2014 ikashindwa.

Kesi yenye mafunzo mengi zaidi kwetu ni ya kasa. India, Malaysia, Pakistan na Thailand ziliishtaki Marekani mbele ya WTO, Shirika la Biashara Duniani, kwa kukataa kamba kutoka nchi ambazo trola zake hazikuwa na kifaa cha kumtoa kasa wavuni. Rufaa iliamuliwa Oktoba 1998. Wengi husimulia kwamba siku hiyo biashara iliyashinda mazingira, si kweli. Waamuzi walikubali kwamba kasa ni maliasili na kwamba sheria yenyewe inaingia katika aya ya (g). Kilichoiponza Marekani ni utekelezaji. Nchi za Karibi zilipewa miaka 3 ya kujiandaa, za Asia miezi 4. Jirani zake wa bara la Amerika ilizungumza nao mpaka mkataba ukapatikana; wengine haikuwaendea kwa bidii hiyo. Ilidai mpango uleule kila mahali bila kujali hali ya bahari ya watu. Na nchi iliyokataliwa haikusikizwa wala kupewa sababu kwa maandishi. Marekani ikarekebisha hayo na kukaa kitako na nchi za Bahari ya Hindi. Malaysia iliposhtaki tena ilishindwa, mwaka 2001.

Kwa hiyo andikeni matokeo mnayoyataka: kasa atoke wavuni akiwa hai. Kisha toeni mfano wa kifaa kinachokubalika, yaani fremu yenye nafasi isiyozidi sentimita 10 kati ya chuma na chuma, iliyolazwa kwa mwinamo wa nyuzi 30 hadi 55, na tundu la kutokea lenye kifuniko cha wavu. Atakayeleta njia nyingine yenye matokeo sawa apokelewe, na akikataliwa aandikiwe sababu. Ukaguzi ufanyike baharini, wavu ukipandishwa. Nahodha anayeogopa kupoteza kamba hushona kile kifuniko, kisha hukifumua akikaribia gati. Bandarini vifaa vyote ni vizima. Nyasi za bahari nazo zikiziba vyuma, kasa haoni pa kutokea hata kama hakuna aliyeshona.

Kama kanuni inaweka viwango vya bidhaa, rasimu ipelekwe WTO kupitia KEBS, shirika la viwango la Kenya, na nchi nyingine zipewe siku 60 za kutoa maoni. Baada ya kuchapishwa, acheni angalau miezi 6 kabla ya kuanza kutumika, muda uleule kwa kila mtu.

Kaunti isijipe mamlaka isiyo nayo. Jedwali la Nne la Katiba limeiachia serikali kuu biashara ya kimataifa, na Kifungu cha 209(5) kinakataza ushuru wa kaunti unaokwamisha bidhaa kuvuka kaunti. Ada ya kilo kwa kilo kwa kamba anayetoka Lamu, hata ikiitwa ya uhifadhi, ni kumpa wakili kazi nyepesi.

Mwisho, kanuni ikichapishwa Nairobi, fuatilieni Bunge. Sheria ya kanuni na hati za kisheria (Statutory Instruments Act) ya mwaka 2013 inataka iwasilishwe ndani ya siku 7 za vikao, la sivyo inabatilika, na ubatili huo hauhitaji WTO. Ombeni nakala yenye muhuri wa karani wa Bunge, muiweke pamoja na orodha ya waliohudhuria vikao vya maoni Malindi, Kipini na Faza. Wakili wa upande wa pili ataanzia kwenye karatasi hizo.